Ule utelezi ndani ya dumu la maziwa

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi nasoma baiolojia mwaka wa mwisho hapa Mbeya, kwetu ni Tukuyu mama anauza maziwa, sasa dumu lake hata alioshe vipi ndani panabaki utelezi. Nataka ndo uwe utafiti wangu ila mashine za gharama sina, nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu, umenifurahisha kweli. Huo utelezi ni utando wa bakteria, wakishajishika kwenye plastiki, hasa penye mikwaruzo, wanatoa ute wa sukari na protini wanajifunika humo wote, wanapelekeana kemikali na wakishakuwa wengi wanabadili tabia, ndo maana ukisuuza tu hawatoki. Leeuwenhoek, yule Mholanzi aliyejitengenezea hadubini, aliwaona kwenye uchafu wa meno tangu 1683.

Mashine isikutishe. Otesha bakteria kwenye mirija ya kioo yenye supu, yaani maji ya virutubisho vya bakteria, iache imetulia saa 24, mwaga, suuza taratibu, tia rangi ya kristali vayoleti kama dakika 15 hivi halafu suuza tena. Kama utando upo utaona pete ya zambarau pale pale supu ilipoishia! Weka na mirija yenye supu tupu ya kulinganishia, tafadhali usiisahau. Wajaribu kila aina peke yake, kisha wachanganye, maana kwenye dumu wanaishi wengi pamoja, na hapo ndo utafiti wako utanoga. Yote haya fanyia maabara msimamizi akiwepo, sio jikoni.

Mama mwambie atafute chombo cha mdomo mpana, mkono na brashi viingie.