Maswali yenu: "Wanakutana kwa hoteli, nyumba zetu zinavunjwa"

Barua ni nyingi safari hii, na karibu zote zinazungukia jambo moja, nyumba za zamani na fasi za zamani za Lubumbashi. Nimechagua tatu. Ya kwanza nimeiacha vile mama aliiandika, sikugusa kitu ("koloki ya patrimwani" ni mkutano wa wataalamu juu ya urithi wa zamani).

"Jambo Yaya. Miye niko mama ya batoto wine, tunaishi Kamalondo mu nyumba yenye babu ya bwana yangu alijengaka, matofali ya kuchoma, malata ya zamani, baraza mbele. Sasa bashemeji banataka kuuza parsele juu kuko mutu anataka kujenga etaje ya maduka. Nikisema hii nyumba iko ya historia, banacheka. Mwaka jana kulikuwa koloki ya patrimwani kule mujini, bakakuya baprofesa na bazungu, bakapiga foto ya nyumba yetu, bakaenda zabo. Shiye hatukuitwa. Kuko sheria yenye inaweza kutusaidia ao ni maneno ya bure?"

Mama, aksanti. Sheria iko. Inaitwa ordonansi-loi nambari 71-016 ya tarehe 15 mwezi wa 3, 1971, ya kulinda mali ya utamaduni, na inaipa Leta nguvu ya kuandikisha jengo kama urithi wa nchi, na jengo likishaandikishwa huwezi kulibomoa wala kuligeuza bila ruhusa. Ila soma vizuri hapo: likishaandikishwa. Nyumba ambayo haijaandikishwa ni nyumba tu kama ingine, na hata ikiandikishwa hiyo karatasi haikuletei malata mapya wala franka moja ya fundi, kwa hiyo mimi singekaa nikingoja Kinshasa.

Tena kusema kweli adui yako si huyo mtu wa etaje. Shida yako imekaa mezani kwenu. Bashemeji wanahesabu, duka inaleta pesa kila mwezi, nyumba ya babu inaleta nini? Kuvuja. Ukiwaendea na neno "historia" watacheka kweli, hata mimi ningecheka kidogo. Waendee na hesabu. Nyumba yenu iko Kamalondo, stadi ya Mazembe imefunguliwa hapo 2011, siku ya mechi watu wanapita mbele ya baraza yako kama maji, na wewe una baraza! Samaki ya kukaanga, bukari, soda baridi, ao chumba cha mbele ukikodishe kwa fundi wa nguo bila kubomoa hata tofali moja. Angalia mjini, ile teatri ilijengwa na arkitekte Claude Strebelle miaka ya 1950, leo watu wanaiita Bâtiment du 30 Juin na wabunge wa provensi wanakaa mule. Kama ingebaki tupu ikingojea watu wa kucheza teatri sijui leo tungekuwa tunazungumza nini, inawezekana tungekuwa tunauza matofali yake. Nyumba inayotumika inapata mtu wa kuziba tundu.

Kabla ya hapo lakini, karatasi. Jina ya nani liko kwenye setifika ya parsele? Tangu sheria ya ardhi ya tarehe 20 mwezi wa 7, 1973 udongo ni wa Leta, sisi tuko na haki ya kutumia tu, sasa kama hiyo haki bado iko kwa jina la babu na urithi haujagawanywa, shemeji mmoja asijifanye anauza kama vile mbuzi yake. Muone avoka, mara moja tu, usikae kwa maneno ya barabarani. Halafu itisha kikao, na usianze na wanaume, anza na shangazi mkubwa wa bwana yako, yule ambaye akikohoa wote wananyamaza. Unajua nani namaanisha, kila familia iko naye.

Kisha andika nyumba. Ndiyo, andika nyumba: chukua mita, pima kila chumba, chora hata kama mistari inapinda, piga foto ya milango, ya madirisha, ya nyuma kwenye jiko, uliza wazee nani aliishi chumba gani na alikuwa anafanya kazi wapi. Treni ilifika hapa kutoka Rodezia 1910, mwaka uleule mji ukaanza, 1911 shaba ya kwanza ikatoka kwa tanuru, na wazungu wakakaa upande wao na watu weusi wakapewa upande wao, kati yao wakaacha uwanja mtupu ili wasichanganyike, na Kamalondo ndo ile siti, kartiye ya watu weusi, ya zamani kuliko zote. Babu alijenga upande ule aliopewa. Majumba ya mjini yako na plani zake mpaka Ubelgiji, lakini ya babu plani yake iko kichwani mwa shangazi, na shangazi hatabaki daima.

Jambo moja bado, na hili naomba kama nimepiga magoti: musipige simenti kwenye ukuta ya nje. Matofali ya zamani ya hapa mengi yalitoka kwa udongo wa kichuguu, ni laini, yanakunywa maji wakati wa mvua na yanayatoa wakati wa jua. Ukiyavika simenti maji yanaingia toka chini na hayana fasi ya kutokea, tofali linaoza ndani polepole, na siku simenti inaanguka inaanguka na uso wa tofali. Nimeona ukuta uliosimama miaka zaidi ya sitini ukaanza kumenyuka ndani ya mvua tatu, juu ya fundi aliyetaka "kuurembesha". Tumia chokaa na muchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya muchanga, jaribu kwanza kona ndogo ya nyuma. Mawe ya chokaa hatukosi, machimbo ya Kakontwe kule Likasi yako palepale. Na malata muyazibe kabla mwezi wa 11, maji ya juu yanauwa nyumba mbio kuliko miaka.

Wale wa foto? Wakirudi, fungua daftari. Jina, wanatoka wapi, siku gani wanaleta kopi. Mtu wa kweli ataandika bila kukasirika.

"Yaya, mimi ni mwashi, Katuba. Nimealikwa kwenye mkutano wa siku mbili juu ya majengo ya zamani, kutakuwa baarkitekte, baprofesa na watu wa musee. Mimi diplome sina, nilisoma kazi kwa mjomba. Nitaenda kufanya nini mule? Na hiyo mikutano inaletaka faida gani, ama ni kula bife tu?"

Kaka, bife itakuwako, usijidanganye. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye mkutano mmoja hivi, nikavaa kibaji shingoni, nikapewa kalamu na kabrasha, siku nzima tunaongelea kartiye moja na hakuna hata mtu mmoja wa ile kartiye ndani ya chumba, isipokuwa mama aliyekuwa anamimina kahawa. Saa ya mapumziko nikamuuliza. Alikuwa anajua nyumba zote tulizoonyeshwa kwenye projekta, na ya katikati, ile profesa alisema ilikuwa ofisi, mama akasema hapana, ilikuwa materniti, yeye mwenyewe alizaliwa mule.

Lakini usitupe mikutano yote. Mwaka 1964 maarkitekte na mafundi wa majengo ya kale walikutana Venice, Italia, wakaandika sharti moja ambalo mpaka leo ndo msingi: ukitengeneza jengo la kale usibahatishe, heshimu kazi ya kila wakati uliopita pale, na kama unaongeza kitu kipya kionekane ni kipya. Mwaka uliofuata, 1965, kukazaliwa ICOMOS huko Warsaw, chama cha wataalamu wa kazi hiyo. Ila angalia nani aliandika: watu 23, karibu wote Wazungu, kutoka Afrika alikuwako Mtunisia mmoja. Watu wa nchi za mawe. Jengo la mawe unaliacha miaka mia linakungoja, sasa nyumba ya udongo ao ya nyasi je? Djenné kule Mali musikiti wa udongo unapakwa upya kila mwaka na mji mzima, watoto wanakanyaga udongo, vijana wanapanda na vikapu, wazee wa ukoo wa washi wanaongoza, je huo si wa kweli tena juu umepakwa upya? Na hapahapa kwetu, wamama wa kijiji cha Makwacha wanachora kuta zao kwa udongo wa rangi, mvua inafuta, wanachora tena. Ilibidi wataalamu wakutane tena Nara, Japani, 1994, ndo wakakubali kwa maandishi kwamba ukweli wa jengo unapimwa kwa desturi ya watu wake. Japani nako wanajenga kwa mbao, walijua tunachosema. Miaka tisa baadaye ICOMOS ikafanya mkutano wake mkuu Victoria Falls, Zimbabwe, ng'ambo ya Zambia hapo, si mbali sana na sisi.

Na mwaka huohuo wa 2003 wale wa urithi wa viwanda walikutana Nizhny Tagil, Urusi, wakaandika sharti lao: kwamba kiwanda, mashine, tanuru, nyumba za wafanyakazi, hata lundo la takataka la mgodi, navyo ni historia. Hii ndo yetu kabisa. Ile shimini ya kiwanda na lile teril jeusi, kilima cha takataka za shaba, tunaloliona kila asubuhi, mgeni anaona uchafu, mwana-Lubumbashi akiliona kwenye foto akiwa ugenini anatoa machozi.

Kwa hiyo enda. Usiende mikono mitupu lakini, beba tofali moja la zamani, beba kipande cha simenti kilichomenyuka na uso wa tofali bado umegandia, weka mezani mbele yao. Profesa anajua mwaka na jina la arkitekte, wewe unajua kwa nini ukuta unalia maji, na mkutano ambao hauna wewe utatoa ripoti nzuri sana na ukuta utaendelea kulia. Kama wanaongea Kifaransa tupu, simama uongee Kiswahili, mtafsiri watamtafuta wenyewe. Omba saa za mchana muende kwa miguu Kamalondo, muingie kwenye nyumba yenyewe (mama wa barua ya juu, nakuona), na kabla ya kufunga uliza wazi: ile liste ya nyumba mliyotengeneza inabaki kwa nani hapa mjini? Kama jibu ni "tutaituma", basi kabla hamjatoka ukumbini piga foto kila ukurasa.

Uganda makaburi ya wafalme ya Kasubi yaliungua usiku wa tarehe 16 mwezi wa 3, 2010. Pesa zilikuja toka mbali na wataalamu vilevile, lakini kuezeka nyasi kule ni kazi ya ukoo wa Ngeye, wao ndo wanajua fundo lake, bila wao hakuna paa. Ilichukua miaka kumi na tatu, 2023 UNESCO ikatoa Kasubi kwenye liste yake ya urithi wa dunia ulio hatarini. Sasa wewe unayesema huna diplome, wale wa Ngeye walisomea wapi?

"Mukubwa, kwetu kuko kiwanja cha mupira ndani ya kampi ya zamani. Babu anasema watu waliuawa pale zamani sana, wakati wa Wabelgiji. Hakuna jengo, hakuna jiwe, kuko majani na mbuzi. Kiwanja kinaweza kuwa urithi?"

Kinaweza, na ningesema kinastahili kuliko majumba mengi. Kama ni kile nafikiri, babu anaongelea mgomo wa mwezi wa 12, 1941. Ilikuwa vita ya dunia, shaba inatakiwa, bei zinapanda, mshahara haupandi, wafanyakazi wa migodi wakagoma, wakakusanyika kwenye kiwanja cha kampi, na askari wakapiga risasi. Léonard Mpoyi, aliyekuwa anawasemea wenzake, aliuawa siku ile. Idadi ya Leta na idadi ya wazee hazijawahi kupatana.

Kuanza usianze na sanamu, sanamu inaleta kamati, na kamati inaleta ugomvi wa kasha. Anza na mbuzi: ongea na shefu wa kartiye kiwanja kisikatwe parsele, maana kikishajengwa hakuna mtu atakibomolea nyumba za watu. Miaka ya 2000 mwanzoni watu wa yunivasiti walifanya mradi wa Mémoires de Lubumbashi, wakakusanya masimulizi na vitu vya nyumbani toka kwa wakaaji wenyewe, wakavionyesha kwa musee, kwa hiyo njia ya kubisha hodi pale iko, nenda na kitu mkononi. Tarehe 18 mwezi wa 4 ni siku ya dunia ya minara na fasi za kale, lakini nyie mna siku yenu ya mwezi wa 12, shikeni hiyo, hata kama ni watu kumi na moto kidogo na wimbo wa kanisa.

Na babu umrekodi wiki hii, mtoto aliyezaliwa mwaka ule sasa amepita miaka 80. Muombe ruhusa kwanza, mupeleke palepale kiwanjani kama miguu inaruhusu, maana mzee akiwa amesimama fasi yenyewe anakumbuka upande askari walitokea. Simu zinapotea, weka kopi kwenye memori kadi na ingine kwa dada yako, na mwanzoni kabisa mwa sauti sema jina lake, tarehe, na gori la upande gani mmesimama.