Mwanangu, wema si chambo

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. Sisi hatujambo. Nimeona swali lako, na nimeona pia kwamba limewagawa katika ushirika wenu wa wanafunzi. Mmeazimia kwenda Jumamosi kwenye nyumba za wazee wanaoishi peke yao karibu na chuo, mfue, mfagie, mchote maji. Nusu ya viongozi wenu wanataka kila mzee ahubiriwe kwanza, kazi ifuate, kwa kuwa ufagio bila Injili, wanasema, ni kazi ya shirika lolote tu. Nawe unauliza kama kumfulia mzee shuka na kuondoka bila mahubiri kunaweza kuitwa huduma ya Kikristo.

Ni huduma, tena kamili. Fungua Matendo sura ya 9 umsome Dorkasi wa Yafa. Alipofariki, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea enzi za uhai wake. Luka hakutuandikia hata sentensi moja ya mahubiri ya mama yule, na bado anamhesabu miongoni mwa wanafunzi wa Yesu.

Kinachonisumbua katika pendekezo la wenzako si mahubiri, ni ule mpangilio. Mzee anayeumwa mgongo, ambaye shuka zake hazijafuliwa siku nyingi, akiambiwa asikilize kwanza ndipo afuliwe, atasikiliza. Ataitikia amina kila mtakapotaka. Ana hiari gani? Hapo ndoo ya maji imeshageuka chambo na mzee amekuwa samaki. Najua utaniambia Bwana aliwaita wanafunzi wake wavuvi wa watu. Sawa, lakini Petro na wenzake walikuwa watu wa nyavu. Ndoana tunamwona Petro akitumwa na Yesu kuitupa siku ile ya kodi ya hekalu, na wa kunaswa alikuwa samaki kweli.

Hata hivyo usiwabeze wenzako, wana hoja. Paulo anasema imani huja kwa kusikia, na wapo vijana wanaojificha nyuma ya ufagio kwa sababu wanaona haya kulitaja jina la Yesu. Kwa hiyo semeni mlangoni, waziwazi, kwamba ninyi ni wanafunzi Wakristo na mmekuja kusaidia kazi za nyumbani. Mzee Mwislamu, au asiye na dini yoyote, ana haki ya kujua anamfungulia nani. Akikubali muingie, afanyiwe kazi ileile anayofanyiwa mzee wa kanisa. Petro anatuagiza tuwe tayari kumjibu kila mtu atuulizaye habari za tumaini letu. Kumbe kuna kuulizwa kwanza. Akiuliza, weka ufagio pembeni, kaa, umjibu bila haraka. Akiomba maombi, ombeni, na sala iwe fupi. Wazee wengi hawawezi kusimama muda mrefu.

Si ninyi wa kwanza kulihangaikia jambo hili, na si mimi mzazi wa kwanza kuulizwa. Mwaka 1730 huko Oxford, mwanafunzi William Morgan alianza kuwatembelea wafungwa katika gereza la ngome ya mji, walimokuwamo watu waliofungwa kwa madeni, akawavuta John na Charles Wesley, ndugu wawili waliokuja kuanzisha Umethodisti, waende naye. John akamwandikia baba yake, Mchungaji Samuel Wesley, kumwomba ushauri. Mzee alifurahi, akamkumbusha kwamba yeye mwenyewe alipokuwa mwanafunzi palepale aliwatembelea wafungwa. Akamshauri jambo moja la maana: wapate idhini ya kasisi wa gereza na ya askofu. Wakaipata, wakaendelea, ingawa wenzao chuoni waliwacheka na kuwaita Klabu Takatifu.

Ushauri huo nami nakupa. Msianze kwa kubisha hodi. Anzeni kwa mtu anayewajua wazee hao na wanayemwamini: mchungaji, muuguzi anayewatembelea, au jamaa zao. Mwaka 1833 huko Paris, Frédéric Ozanam, kijana wa miaka 20, na wanafunzi wenzake waliulizwa kwa kejeli Wakristo wa siku hizo wanawafanyia nini maskini. Wakaanza kwenda majumbani kwa maskini, na aliyewaongoza alikuwa Sista Rosalie Rendu, aliyezijua nyumba zile. Huko ndiko kilikoanzia Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo.

Kisha mwulizeni mzee mwenyewe anataka nini. Huenda ninyi mmebeba mafagio, naye nyumba yake ni safi kuliko bweni lenu (hilo halinishangazi). Anachokosa ni mtu wa kumsomea barua ya hospitali, kumjazia fomu, au kumtafutia namba ya mwanawe kwenye simu. Hayo mnayaweza, ni wasomi. Paa linalovuja msilipande kama hakuna fundi kati yenu. Kumwogesha mgonjwa msikukimbilie pia: hilo linahitaji ridhaa yake, ndugu zake kujua, na mtu wa jinsia yake. Na nendeni wawili wawili siku zote, kwa usalama wenu na kwa amani ya mwenye nyumba.

Sasa jambo ambalo hukuniuliza, nami naliona zito kuliko mlilobishania. Nani ataenda Jumamosi inayofuata? Chuo kina mitihani na likizo, uzee hauna. Mzee aliyezoea sauti zenu, kisha mkapotea miezi mitatu bila neno, ataumia kuliko ambaye hamkumfikia kabisa. Kanisa la Yerusalemu liliingia kwenye manung'uniko kwa sababu wajane wengine walisahauliwa katika mgawo wa kila siku, na dawa yake ikawa kuteua watu saba, kwa majina, wasimamie kazi hiyo. Fanyeni hivyo. Chagueni nyumba chache, nne hivi, kila nyumba iwe na jozi yake, na jozi ya mwaka wa kwanza ifuatane na ya mwaka wa tatu ili mkihitimu mzee asianze upya na wageni. Mkienda likizo, mwambieni tarehe ya kurudi, na mrudi tarehe hiyo.

Picha za wazee msipige. Michango ya fedha ishikwe na watu wawili na iandikwe. Hata Paulo hakutaka kuibeba peke yake.

Waonyeshe wenzako barua hii ukipenda, na yule katibu wenu mkali akiwa na jibu, aniandikie. Sabuni na ndoo nitachangia. Niambie tu mnahitaji ngapi kabla ya Alhamisi.

Baba yako