Robin des Bois wa kweli ni yupi?

*Swali:* Yaya, jambo. Mi niko Katindo, hapa Goma. Tangu utoto mi nilijua Robin des Bois, ule mwizi wa msituni wa hadithi za Waingereza, ni ule mbweha wa kwenye katuni, ule wa kofia na unyoya, kiisha mukubwa wangu akaniwekea kwenye flashi filme ya Kevin Costner, nakuta mule kuna Mwislamu mweusi anapigana pamoja naye, kwenye katuni hayuko, kwenye ile ya Russell Crowe hayuko pia, tena ile ya Crowe inaisha pale nilifikiri njo inaanza. Mukubwa wangu anasema filme zote ni bongo, uongo mutupu, nisome kitabu cha Dumas, ule mwandishi Mfaransa, njo cha kweli. Yaya, nishike ipi?

*Jibu:* Mudogo wangu, mwambie mukubwa wako pole sana. Hicho kitabu kilitoka 1872 na 1873, na Dumas alikufa 1870, tena sehemu kubwa ya mule ni kazi ya Mwingereza Pierce Egan iliyogeuzwa Kifaransa. Kitabu kitamu, sikatai, lakini akisema cha kweli mi nacheka.

Ya kweli haiko. Kuna shairi la Kiingereza la karibu 1377, mule mvivu mmoja anaungama kama Baba Yetu haijui vizuri, ila nyimbo za Robin Hood, njo jina lake kwa Kiingereza, anazijua. Ona sasa, hata wakati ule tayari watu walikuwa wanazijua! Kwenye zile nyimbo za zamani Robin si mtoto wa chifu, ni mtu wa kawaida tu mwenye upinde. Mfalme anaitwa Edward, si Richard wa kwenye filme. Marian mpenzi wake hakuna, rafiki yake padri Tuck hakuna. Ukubwa alipewa na mwandishi wa tamthilia, Anthony Munday, mwaka 1598, njo akawa bwana mwenye ardhi yake.

Mi ninayoipenda kupita zote ni ya yule mwenye deni. Iko kwenye shairi refu lililochapwa karibu 1500. Bwana mmoja mwanaye kaua mtu, akaweka shamba rehani kwa abbé wa York ili amwokoe mtoto, paundi 400, siku ya kulipa imefika na mfukoni hana kitu, sawasawa na watu wetu wa banki lambert, ile mikopo ya mtaani ya riba kali. Robin anamwambia nitakukopesha, nani atakusimamia? Jamaa anajibu sina mtu, labda Bikira Maria. Robin anakubali! Kiisha vijana wake wanamkamata mtawa wa ileile abasia na paundi zaidi ya 800, Robin anacheka, anasema Maria kalipa, tena mara mbili. Hii kwenye filme kubwa huioni, na mi sielewi ju ya nini wanaiacha, iko na kila kitu.

Sasa yule Mwislamu. Aliingia kwenye televizio ya Uingereza mwaka 1984, jina lake Nasir, watu wakampenda, basi 1991 filme ya Costner nayo ikaweka wake, Azeem, akachezwa na Morgan Freeman. Leo wengine wanafikiri alikuwako tangu mwanzo. Ni kama wale wanaotusimulia filme za Wachina kwa Kiswahili, mtu anaongeza mzaha wake pale pigano linachelewa, mwaka mwingine ukiangalia bila yule msimulizi unaona filme imepungukiwa.

Kwa hiyo usitafute ya kweli, angalia kila mmoja kaongeza nini na katupa nini, utamu uko pale. Anza na ya 1938 ya Errol Flynn, rangi zake mpaka leo zinawaka. Mbweha wa 1973 mrudie, ukubwani anachekesha vingine. Ya Crowe iache mwisho, sura ya panga ni nyingi, ya kucheka ni kidogo.

Halafu kuna ya 1976, Sean Connery na Audrey Hepburn, Robin amezeeka, magoti yanauma, anarudi kumtafuta Marian na Marian amekuwa mtawa. Kwenye nyimbo za zamani Robin aliuawa na ndugu yake mwenyewe, mkubwa wa watawa wa Kirklees, alimtoa damu akidanganya ni kumtibu. Waliotengeneza hiyo filme walikijua hicho kisa, na walichokifanya nacho sikwambii. Siku umeme utakaa usiku mzima, mwekee mukubwa wako, kiisha uniandikie kama bado anasema ni bongo.