Maswali ya Wasomaji: Ganzi ya Jino, Dawa Ipi Inashika?

Shikamoo daktari. Gego langu la chini liliuma wiki nzima. Nilipokwenda kusafishwa mizizi nilichomwa sindano mbili za lidokaini, mdomo ukafa ganzi hadi kidevuni, lakini mashine ilipogusa jino nikaruka. Jamaa mmoja ananiambia ningechomwa artikaini nisingesikia kitu. Ni kweli?

Marahaba. Nusu ni kweli, tena inategemea sindano ilichomwa wapi.

Mdomo kufa ganzi kunaonyesha jambo moja tu: dawa imeifikia neva ya taya la chini. Hakuonyeshi kwamba kiini cha jino, yaani nyama laini ya ndani yenye neva, nacho kimelala. Ndiyo maana kabla ya kutoboa inafaa jino lenyewe lipimwe: pamba ndogo iliyopulizwa dawa ya baridi huwekwa juu ya jino kwa sekunde chache. Ukisikia baridi, hata kidogo, hapo hapajawa tayari. Kipimo hicho hakichukui hata dakika moja, na sioni sababu ya kukiruka kwa jino lililokesha likiuma.

Sasa tuje kwenye dawa. Kwa sindano ile ya nyuma ya taya, inayolaza neva nzima, lidokaini asilimia 2 na artikaini asilimia 4, zote zikiwa na adrenalini (huongezwa ili ganzi idumu), hazijaonyesha tofauti kubwa. Artikaini inaishinda lidokaini pale inapochomwa kwenye fizi kando ya gego la chini, upande wa shavu. Mfupa wa hapo ni mnene, na lidokaini huupenya kwa shida. Artikaini ina umbo la kikemia linaloyeyuka vizuri zaidi kwenye mafuta, tena dozi yake ni nzito maradufu, kwa hiyo nyingi zaidi hufika kwenye ncha za mizizi. Kwenye taya la juu mfupa ni mwembamba wenye vitundu, na hapo lidokaini inajitosheleza mara nyingi.

Gego lenye kiini kilichovimba ni kesi ya peke yake. Maelezo ya kawaida ni kwamba uvimbe huleta asidi, na asidi huizuia dawa kuingia ndani ya neva. Ni sahihi kwa dawa iliyochomwa palepale penye uvimbe, lakini sindano ya nyuma ya taya iko mbali na hapo, kwa hiyo asidi peke yake haitoshi kueleza kwa nini haikushika. Sababu nyingine ni kwamba neva za kiini kilichovimba huongeza milango ya sodiamu (vijitundu vya neva vinavyopitisha ujumbe wa maumivu) ya aina isiyozibwa kirahisi na dawa hizi, na ubongo wenyewe, baada ya siku kadhaa za maumivu, unakuwa mwepesi kuyapokea.

Mpango unaofaa ni huu. Mgonjwa anayeruhusiwa kutumia ibuprofeni (si mwenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo wala mjamzito) anaweza kupewa miligramu 400 hadi 600 saa moja kabla. Kisha sindano ya nyuma ya taya, na kusubiri dakika 10 hadi 15. Wengi huanza dakika ya tano, na hapo ndipo wanapoharibu. Jino likisikia baridi bado, iongezwe katriji moja (kichupa cha dawa kinachowekwa ndani ya bomba) ya artikaini upande wa shavu. Likiendelea kusikia, dawa hupenyezwa kati ya jino na mfupa, mililita 0.2 kwa kila mzizi. Mkono wa daktari lazima usikie ukinzani na fizi ibadilike iwe nyeupe. Dawa ikiingia kwa ulaini, ujue inamwagika mdomoni. Kuchoma ndani ya kiini chenyewe ni hatua ya mwisho. Kunauma kwa sekunde kadhaa, na hakufanyi kazi dawa isipoingia kwa shinikizo.

Mimi ni mwanafunzi wa udaktari wa meno. Sindano ya neva ya taya la chini hunikataa mara kwa mara. Nibadilishe dawa?

Usibadilishe dawa kwanza. Angalia mkono wako. Kosa linaloongoza ni kuchoma chini mno.

Weka kidole gumba kwenye mbonyeo wa ukingo wa mbele wa tawi la taya linalopanda. Bomba lije kutoka juu ya magego madogo ya upande wa pili. Chomea milimita 6 hadi 10 juu ya usawa wa magego ya chini, kando ya ule mkunjo wima wa nyama ulio nyuma ya magego, upande wa nje. Tumia sindano ndefu namba 27 au 25, na usiizamishe hadi kwenye kitako. Ikivunjika, hutakuwa na pa kuishika. Mfupa uukute kwenye kina cha milimita 20 hadi 25. Rudi nyuma milimita 1, vuta pistoni kuona kama damu inaingia, ndipo uachie mililita 1.5 taratibu kwa dakika nzima.

Ukigonga mfupa mapema, kabla hata ya nusu ya sindano, umekwenda mbele mno: rudi kidogo, peleka bomba kuelekea meno ya mbele, songa ndani, halafu lirudishe. Ukikosa mfupa kabisa, uko nyuma mno. Usiachie dawa hapo. Ikiingia kwenye tezi ya mate iliyo nyuma ya taya, nusu ya uso italegea na jicho halitafumba kwa saa kadhaa. Rudi nyuma, sogeza bomba liwe juu ya magego, jaribu tena.

Mdomo ukishika vizuri lakini gego la kwanza likabaki macho, yawezekana tawi dogo la neva linaingia kwa upande wa ulimi. Mililita 0.6 upande huo, usawa wa ncha ya mzizi wa jino linalofuata nyuma, kwa kawaida hulimaliza. Na kwa sindano hii ya nyuma mimi hupendelea lidokaini: ripoti za ulimi kubaki na ganzi kwa wiki au miezi zimehusishwa zaidi na dawa za asilimia 4, na artikaini haikupi faida hapo.

Nina presha ninayoitibu kwa vidonge. Niombe ganzi isiyo na adrenalini?

Si lazima, presha yako ikiwa imetulia. Katriji ya mililita 1.8 yenye adrenalini ya 1:100,000 ina maikrogramu 18. Kwa mwenye matatizo ya moyo kikomo cha kawaida ni maikrogramu 40, yaani katriji mbili, zichomwe polepole. Lidokaini bila adrenalini hulaza kiini kwa dakika 5 hadi 10 tu. Yenye adrenalini hufikisha kama saa moja. Ganzi ikiisha kazi katikati, mwili wako utamwaga adrenalini yake yenyewe, tena bila kipimo. Ikibidi kuikwepa, mepivakaini asilimia 3 ndiyo mbadala mzuri: hukupa dakika 20 hadi 40. Mtaje daktari dawa zako zote, hasa propranololi, dawa ya presha na moyo.

Nitang'olewa gego la mwisho kwa upasuaji. Ipo ganzi ya kudumu hadi usiku?

Ipo, bupivakaini asilimia 0.5. Huchelewa kushika, lakini midomo na fizi hukaa na ganzi saa 4 hadi 9, pengine 12. Meza dawa ya maumivu kabla haijaisha.

Mwanangu ana kilo 15. Ganzi kiasi gani ni salama, na ipi?

Hapa hesabu ifanywe kabla ya kufungua katriji, kwa sababu nafasi ya kukosea ni finyu. Kwa lidokaini tumia miligramu 4.4 kwa kila kilo: 66 kwa mwanao. Katriji ya mililita 2.2 ya asilimia 2 ina miligramu 44, hivyo kikomo ni katriji moja na nusu. Mepivakaini asilimia 3 ina miligramu 66 kwenye katriji hiyohiyo, kwa hiyo moja tu inamaliza kikomo chote. Artikaini asilimia 4 ina 88, na kwa miligramu 5 kwa kilo mwanao anastahili 75, hata katriji moja haimalizi. Tena chini ya miaka minne haipendekezwi. Muulize daktari katriji zake ni za 1.8 au 2.2, maana zote zipo.

Nyumbani usimpe chakula cha kutafuna mpaka ganzi iishe, saa 3 hadi 5. Watoto hutafuna mdomo usiosikia, na kesho yake huamka umevimba na kidonda cheupe kinachofanana na usaha. Kwa kawaida si usaha. Paka mafuta ya mgando, na kitapona chenyewe.