Simu ya zamani usiitoe mkononi kwanza

Juzi kijana mmoja wa Mbale aliniandikia: "Kaka, naacha Android, nimepata iPhone nzuri. Mwenye duka anasema atanipunguzia bei nikimwachia ile ya zamani leo hii. Nimwachie?" Ujumbe ulinikuta sokoni Owino, Kampala, nimekalia belo la mashati. Nikamjibu kwa herufi kubwa: HAPANA. Baadaye nikaona hilo halitoshi, kwa sababu mimi swali hilo sikumuuliza mtu.

Nauza mivumba, yaani mitumba, kwa jumla. Wateja wangu wako Arua, Lira, Kasese, wengine ng'ambo ya mpaka huko Bunia, na biashara yetu yote inapita WhatsApp: picha ya belo, bei, "weka kwenye basi la usiku", basi. Mwaka jana mambo yalipokaa sawa nikasema na mimi nishike iPhone. Msinicheke. Mtu aliyeanza kwa kutandaza soksi juu ya turubai, siku akishika iPhone anaishika kwa mikono miwili.

Duka lilikuwa katikati ya Kampala, jina nalihifadhi. Kijana wa pale alikuwa mchangamfu, ananiita "bosi" kila baada ya maneno matatu. Akaiwasha ile mpya, akazipita kurasa za mwanzo kwa kidole kama anayefukuza nzi: hii si lazima bosi, hii utafanya nyumbani. Laini yangu akaihamisha. Ile ya zamani akaifuta palepale mbele ya macho yangu, akaiweka kwenye kabati la kioo, na mimi nikapunguziwa shilingi 250,000. Nikatoka nikitembea polepole ili watu waione.

Kwenye taksi ya kurudi Bombo nikafungua WhatsApp. Tupu. Wateja sawa, watanitafuta wenyewe, mwenye shida ya mali hapotei. Lakini baba yangu alikuwa amefariki mwezi Mei. Alikuwa dereva wa lori njia ya Mombasa, kuandika hakukupenda, kwa hiyo kila kitu alikituma kwa sauti: amefika Malaba, foleni ni ndefu, mama yako amekula? Sauti hizo ndizo nilizokuwa nazisikiliza usiku. Nilishuka kwenye taksi nikashindwa kumwambia mke wangu kitu, nikamwonyesha tu simu mpya, akanisifu.

Kilichotokea ni hiki. WhatsApp ya Android huweka bakapu yake, yaani nakala ya akiba, Google, ya iPhone huweka iCloud, ghala la mtandaoni la Apple, na hizo mbili hazisomani. Kuingiza namba yako tu hakuleti chati. Daraja lililopo ni programu inayoitwa Move to iOS, unaipakua kwenye Android, nayo tangu 2022 inabeba na chati za WhatsApp. Ila mlango wake uko kwenye zile kurasa za mwanzo, iPhone ikiwa mpya au imefutwa. Zile zile alizokuwa akizifukuza kijana wangu. Ukizipita, mlango umefungwa mpaka uifute iPhone uanze upya.

Nilikaa siku nne nikidhani yameisha. Dada yangu ndiye aliyesema, mbona bakapu ya Google bado ipo? Akaniazima Android yake ya zamani. Nikaweka akaunti yangu ya Google, nikatia laini, WhatsApp ikauliza kama nataka kurudisha chati. Nikabonyeza nikiwa nimesimama. Zikaja! Baba akaongea jikoni kwa dada, sote wawili tukanyamaza.

Kuzipeleka kwenye iPhone ikawa kazi nyingine. Nilipotaka kuifuta ikanidai nywila ya akaunti ya Apple ambayo si yangu. Kumbe yule mchangamfu aliingiza ya kwake. Ikabidi nirudi mjini akaitoe, naye akacheka. Sikucheka. Ndugu yangu, simu ikiwa na akaunti ya mtu mwingine, mwenye simu ni huyo mtu. Simama hapo dukani mpaka uone ya kwako.

Usiku huo nikazichomeka zote mbili kwenye umeme, waifai moja, iPhone ikatoa namba, nikaiandika kwenye Android, nikachagua WhatsApp pamoja na picha na vingine. Kisha kusubiri, hakuna la kusimulia. Mwisho unaweka WhatsApp kwenye iPhone kwa namba ileile, na hadi hapo hujafuta kitu chochote kule ulikotoka.

Sasa sehemu inayoniuma. Bakapu ile ilikuwa ya mwezi Machi. Google hutoa nafasi ya bure GB 15, yangu ilijaa picha za mabelo, na kila wiki simu ilinionya nami nikawa naondoa onyo kwa kidole. Tena kidole! Kwa hiyo sauti za Aprili na Mei, wakati mzee ameshalazwa, hazipo. Zilikuwa ndani ya simu iliyofutwa. Nilipunguziwa 250,000, nimeshawaambia.

Kwa hiyo kabla hujanunua, fungua mipangilio ya WhatsApp, uangalie tarehe ya bakapu ya mwisho. Si kudhani, kuangalia. Majina nayo: yaliyohifadhiwa kwenye akaunti ya Google yanakuja ukiingiza akaunti hiyo kwenye iPhone, yaliyohifadhiwa kwenye simu tu yanabaki nayo usipoyahamisha kwa Move to iOS. Mimi wateja wa Kasese karibu wote nilikuwa nimewahifadhi kwenye simu. Pesa za mobile money msihangaike, zinafuata namba yako ya laini, haziko ndani ya simu. Mama yangu alikesha akiniombea kwa ajili ya hizo, hela zenyewe ziko salama kabisa. Kama una programu inayokupa namba za kuingilia benki au barua pepe, ihamishe ukiwa bado na simu zote mbili mkononi.

Na ukae nazo zote mbili wiki mbili. Tunapenda kuonekana tumepanda, hatupendi kuonekana tumebeba simu mbili moja imechakaa. Beba! Sikiliza sauti moja ya zamani kwenye ile mpya, fungua picha ya miaka mitatu nyuma, mpigie mteja ambaye humpigii mara kwa mara. Ukikosa kitu, bado una pa kurudi.

Kijana wa Mbale amejibu kwamba simu bado anayo, ila kioo kimepasuka na chaji haikai hata dakika kumi. Nimemwambia aichomeke tu ukutani, kazi yenyewe inafanyika ikiwa kwenye umeme.