Kilio, Ukimya na Sindano: Maswali ya Wazazi Kuhusu Maumivu ya Watoto

Binti yangu wa wiki 14 alilia kidogo tu alipochanjwa. Mama mkwe anasema watoto wachanga hawahisi maumivu hasa. Ni kweli? (Mama, Morogoro)

Si kweli, ingawa hata madaktari wengi waliwahi kuamini hivyo. Hadi miaka ya 1980, katika nchi kadhaa zenye hospitali kubwa, vichanga walipasuliwa kwa dawa chache mno za kuzuia maumivu, na ni mwaka 1987 ambapo watafiti Anand na Hickey walichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba mwili wa kichanga huyapokea maumivu na kuyaitikia. Mtazame paji la uso linavyojikunja, macho yanavyofumbwa kwa nguvu na vidole vinavyokazwa. Mnyonyeshe kabla ya sindano na wakati wa kuchomwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza hivyo mwaka 2015, na muuguzi hapaswi kukukataza.

Mwanangu wa miaka mitatu alishonwa kidonda bila kulia, nami nikamwambia daktari kuwa haumii. Sasa nina shaka. (Baba, Nakuru)

Shaka yako ina msingi. Tafiti nyingi zimeonyesha kwamba wazazi, wakilinganishwa na maelezo ya watoto wenyewe, mara nyingi huyakadiria maumivu kuwa madogo kuliko yalivyo, na ukimya ndio unaotupoteza zaidi, hasa kwa mvulana ambaye tangu aanze kutembea amekuwa akiambiwa kwamba mwanamume halii. Kipo kipimo kiitwacho FLACC, kilichotungwa Michigan na kuchapishwa mwaka 1997, ambacho hutazama mambo matano: uso, miguu, mwendo wa mwili, kilio na urahisi wa kubembelezeka. Kila moja hupewa alama 0 hadi 2, na jumla ya juu ni 10. Zingatia kwamba kilio ni alama mbili tu kati ya kumi: mtoto aliyeuma meno, aliyekakamaa miguu na asiyekubali kubembelezwa anaumia hata kama hatoi sauti.

Hata hivyo, kipimo hicho hakijui jambo unalolijua wewe, yaani jinsi mwanao alivyo siku za kawaida. Msemaji aliyenyamaza ghafla ametoa habari. Mwambie daktari waziwazi, "Huyu akiumia hunyamaza," kisha uulize kama ganzi imeshika kabla sindano ya kushonea haijapita tena. Hilo ni haki ya mtoto, wala si utovu wa adabu.

Wa kwangu ana miaka mitano, naye hupiga kelele hata kabla ya kuguswa. Nitatofautishaje hofu na maumivu? (Mama, Tanga)

Usihangaike sana kuvitenganisha, kwa sababu hofu huyazidisha maumivu yenyewe. Akishatulia, muulize: kwa umri wake anaweza kuonyesha kiasi cha maumivu kwa kuchagua mojawapo ya nyuso zilizochorwa, nawe ulipokee jibu lake bila kulipunguza. Usimwambie kwamba haitauma. Na tafadhali, tuache kuwatisha watoto nyumbani kwa kusema daktari atawachoma sindano wakikataa kula. Tunawapandia hofu ambayo kesho tunaiita deko.

Nimpe parasetamoli kabla ya chanjo? (Mama, Zanzibar)

Hapana, Shirika la Afya Duniani halipendekezi kuitoa kabla ya chanjo wala wakati wa kuchanjwa. Akipata homa au maumivu baadaye, muulize mhudumu wa kliniki kipimo kinacholingana na uzito wake.