Bwana shamba mpya, beba chupa mbili

Nilipopangiwa Mgeta, kwenye Milima ya Uluguru, nilipanda na begi la vipeperushi na kifungu cha 57 cha Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 kichwani: hakuna shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Nikakisoma mkutanoni. Mzee mmoja akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, ukitoa mita 60 huku na 60 kule, bondeni hapa panabaki nini?" Nikakosa jibu.

Ninyi mnaoanza kazi ya ugani, msidhani watu wanalima kando ya mto kwa ukaidi. Kabichi na karoti za kiangazi zinataka maji, na kote kwingine ni mteremko. Wala msikimbilie kuamrisha matuta ya kuzuia udongo. Mwaka 1955 Waluguru waliyakataa matuta ya lazima ya mkoloni, na habari hiyo wazee hawajaisahau.

Kilichonisaidia ni chupa mbili. Mvua ya kwanza ya vuli ilipopiga, nilichota maji ya kijito juu ya mashamba, nikachota mengine chini yake, nikaziacha chupa dirishani ofisi ya kijiji. Asubuhi ile ya chini ilikuwa na tope la vidole viwili. Mama mmoja akaishika, akaitikisa, akasema, "Kumbe mbolea yangu iko humu."

Alisema kweli. Fosfeti ya mbolea ya kupandia hung'ang'ania udongo. Udongo ukiteremka, nayo imeteremka. Naitrojeni huyeyuka na kwenda na maji. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, na ukiumwaga juu juu mawingu yakiwa yametanda, sehemu ya hela yako inaelekea Ruvu, ambako Dar es Salaam inachota maji ya kunywa. Pimeni kwa kizibo cha soda, fukieni, na mbolea ya kukuzia igawanywe mara mbili. Zungumzeni hela kwanza, mto utafuata.

Mabingobingo, yale majani marefu ya malisho, yakipandwa kwenye kontua, yaani mistari inayokingama mteremko, huzuia udongo. Nayo yaliingia kwa mlango wa nyuma. Mgeta wanafuga mbuzi wa maziwa, na mbuzi anataka majani. Sikutaja mmomonyoko hata mara moja.

Palipo pagumu ni kwenye bomba la kupulizia dawa. Nilimkuta kijana amelizamisha lote kijitoni ili lijae haraka, na dawa ya jana bado imo ndani. Hatua chache chini, watoto wanajaza madumu. Nilifoka, na ilikuwa kosa: tangu siku hiyo akiniona alijificha. Baadaye nilirudi na ndoo na kopo, tukajaza bomba pamoja, mbali na maji. Likiisha dawa, lisuuzwe mara tatu na suuzo lipuliziwe mimea ile ile. Chupa tupu za dawa nazo zisuuzwe hivyo hivyo, kisha zitobolewe, la sivyo utazikuta zimewekwa mafuta ya taa, au maziwa.

Yule mzee bado analima ndani ya zile mita 60. Ila ukingoni ameacha ukanda wa majani, hatua sita hivi, na anaukata kwa ajili ya mbuzi wake.

Na chupa ziwe za mdomo mpana. Tope likishakauka kwenye zile nyembamba, halitoki.